Nchi Iliyopiga Makofi Kabla ya Ila

Hivi wewe, umewahi kupigiwa makofi kabla hujamaliza kusema? Sisemi makofi ya kukusifu kwa ulichosema. Nasema yale ya kukusifu ili usiendelee. Kama hujawahi, basi vuta mkeka ukae vizuri, maana iko nchi moja, jina lake tuliache, ambako mtoto wa darasa la nne aitwaye Kidawa alipigiwa makofi ya namna hiyo muhula mzima, mpaka akajikuta anasomea ugenini, kigoda chake mkononi.

Watu wa nchi hiyo walikuwa na adabu ya salamu kama sisi tu. Mtu akiulizwa habari, kwanza husema nzuri. Hata kama jiko linaungua na moshi unaonekana, husema nzuri kwanza.

"Habari za kwako?"

"Nzuri, ila upepo umeondoka na paa."

"Habari za mzee?"

"Nzuri tu, ila tumemzika juzi."

Ndivyo walivyolelewa. Nzuri ilikuwa kama kutandika mkeka, na ila ndiye mgeni mwenyewe anayekuja kukaa. Hakuna aliyedanganyika, kwa sababu kila mtu alijua kungoja. Ukisikia nzuri, unanyamaza kidogo, unatega sikio, ila inakuja. Ikija unasema "masikini", au "pole", au unatafuta ngazi ukasaidie kulirudisha paa.

Basi Wizara ya Elimu ya nchi hiyo ikapata habari kwamba huko kwa wenzao madarasa yana furaha, na furaha yenyewe inapimwa kwa mitambo. Waziri, Mheshimiwa Profesa Makungu, hakulala. Alikuwa mtu wa tumbo la heshima, na miwani mbili: moja aliivaa usoni, nyingine aliipandisha kichwani, ya akiba. Akaita watu uwanjani, akapanda jukwaani, akasema:

"Ndugu wananchi! Serikali yenu imeutafakari uhasi. Imeuchambua uhasi. Imeuundia kamati uhasi, na kamati imekula chakula cha mchana katika hoteli mbalimbali, ikakubaliana kwa kauli moja kwamba uhasi haufai. Kwa hiyo, kuanzia Jumatatu, kila darasa litakuwa na utamaduni chanya, shirikishi, endelevu na wa kidijitali. Mtoto atakayenuna, ajue kwamba hakumnunia mwalimu. Amelinunia taifa!"

Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama nyuma akauliza kama katika huo uchanya na madawati yatakuwemo, akapigiwa makofi na yeye, akanyamaza.

Mtambo wenyewe ulipewa jina refu: Mfumo Shirikishi wa Kidijitali wa Kujenga Utamaduni Chanya Darasani. Kifupi chake waziri alikitamka mara moja tu, siku ya uzinduzi, akapaliwa, akaletewa maji. Watoto nao waliutazama, wakauita Bi Chanya, na jina likashika.

Bi Chanya alikuwa kishikwambi cheusi, upana wake kama sahani ya pilau, na ukikiwasha inatokea sura ya mama mmoja mwenye meno mengi kuliko tulivyozoea. Aliletwa shuleni kwa akina Kidawa na Bwana Denge, afisa wa wizara, mtu mwembamba mwenye tai ndefu iliyokuwa ikimtangulia mlangoni. Bwana Denge akapanda juu ya dawati, akakifunga kishikwambi juu ya ubao kwa mpira wa baiskeli, kwenye msumari uliokuwa wa kalenda. Kalenda akaipa dirisha, ikaondoka na upepo, na tangu siku hiyo darasa lile halikuwa na hakika na tarehe.

"Huyu ana jicho, ana sikio na ana kinywa," Bwana Denge alimweleza Mwalimu Hadia, mwalimu wa darasa. "Jicho linasoma nyuso. Uso wa kucheka unapata nyota, uso wa kukunjamana unanyang'anywa. Sikio linasikiliza salamu. Likisikia neno chanya, kinywa kinapiga kengele, na darasa zima linapiga makofi ya maua: pa, pa, pa-pa-pa! Hapo mazungumzo yamefungwa kwa furaha."

"Na kama mtu hajamaliza?" aliuliza Mwalimu Hadia. Alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi.

"Akishasema nzuri si kamaliza? Baada ya nzuri kuna nini tena, mwalimu?"

Mwalimu Hadia akafungua mdomo. Bwana Denge akamuwahi.

"Habari ya kazi lakini, mwalimu?"

"Nzuri, ila chaki zime..."

Tii! Kengele ikalia. Bi Chanya akatoa meno yote nje: "Hongera! Mazungumzo yamefungwa kwa furaha!" Bwana Denge akapiga makofi ya maua, na watoto, kwa kuwa watoto hupenda makofi, wakamsaidia.

"Umeona?" alisema Bwana Denge, akishuka dawatini. "Rahisi kama kunywa uji."

Walimu wote wakapewa kifungo cha plastiki cha kubandika kifuani, ambacho ni sikio la Bi Chanya la kutembea nalo, ili asipitwe na salamu hata chooni. Wakafundishwa na maneno mapya. Mtoto akikosa hesabu, usimwambie amekosa, mwambie amefika jirani na jibu. Darasa likipiga kelele, usiseme kimya, sema "tuzungumze kwa sauti ya moyoni". Siku ya kwanza Mwalimu Hadia aliuliza saba mara tisa, mtoto mmoja akajibu "Jumanne". Mwalimu akamtazama Bi Chanya, Bi Chanya akamtazama mwalimu. "Jibu lenye afya," alisema Mwalimu Hadia.

Sasa tumrudie Kidawa wetu.

Kidawa alikuwa msichana mwembamba, mwenye shingo ndefu na vikuku vya ushanga, aliyeishi na bibi yake, Bibi Mwantumu. Tangu darasa la kwanza alikaa dawati la mbele, upande wa dirisha, si kwa sababu yoyote ila ndilo aliloliona kwanza. Naam, ndilo aliloliona. Kwa maana vitu vya karibu Kidawa aliviona vyema, hata sisimizi akimhesabu miguu, lakini vya mbali vilimjia kama vimelowekwa majini. Mwenyewe hakujua. Alidhani watu wote wanaona hivyo, na kwamba mbuzi wa mbali na jiwe la mbali ni kitu kimoja kwa kila mtu mpaka kimoja kilie.

Jumatatu ile Bi Chanya akapanga viti upya, kwa kubahatisha, ili kila mtu aanze sawa. Kidawa akaangukia katikati ya darasa. Akatazama ubaoni, akaona weupe unatambaa. Akafanya anavyofanya mtu yeyote katika hali hiyo: akakunja uso, akabana macho.

Bi Chanya akatoa sauti ya kusikitika. "Kidawa. Kununa, daraja la pili."

Nyota ikaenda. Na kanuni ilikuwa kwamba kila Jumatatu wenye nyota nyingi wanasogea mbele, wenye nyota chache wanasogea nyuma. Jumatatu iliyofuata Kidawa akarudi safu moja. Huko ubao ukawa ukungu zaidi, akabana macho zaidi, akaandikiwa kununa daraja la tatu, akarudi tena. Umeona mambo hayo? Kadiri alivyotaka kuona ndivyo alivyosukumwa asione.

Wenzake waliusoma mchezo mapema. Machano, mtoto wa jirani yao, mvivu wa kusifika, alibana kijiti baina ya magego, meno yakabaki nje asubuhi hadi mchana. Akawa analala hivyo hivyo, macho wazi, kijiti mdomoni, na nyota zinamnyeshea. Alikuwa wa pili darasani.

Wa kwanza alikuwa picha.

Usinikatize, ndivyo ilivyokuwa. Ukutani mwa darasa, kama kuta zote za nchi ile, ilitundikwa picha ya Mheshimiwa Mkubwa, mwenye nchi, ndani ya fremu ya dhahabu. Katika picha hiyo Mheshimiwa Mkubwa anatabasamu. Bi Chanya alimwona, akampa nyota. Asubuhi akimtazama anatabasamu, mchana akimtazama anatabasamu, hesabu ngumu zikiulizwa hatetereki. Kwa wiki moja tu alikuwa amewaacha watoto wote mbali, na jina lake likatokea juu kabisa: Mwanafunzi wa Ukutani, asogezwe dawati la mbele.

Mwalimu Mkuu, Bwana Shomvi, alitokwa na jasho. Kumtoa mtoto ili kumpisha Mheshimiwa Mkubwa ni jambo la fahari, lakini kumkalisha Mheshimiwa Mkubwa darasa la nne je? Akampigia simu Bwana Denge, Bwana Denge akaja na tai yake.

"Mfumo ukisema asogezwe, asogezwe," alisema Bwana Denge.

"Nakubali, mheshimiwa. Lakini tumwelekeze wapi? Tukimwelekeza ubaoni, itakuwa tunamfundisha. Mimi ni nani nimfundishe?"

"Kweli. Itakuwa uchochezi."

"Na tukimwelekeza kwa watoto, ubao atakuwa ameupa mgongo."

Bwana Denge akafikiri mpaka tai ikatulia. "Afadhali aupe ubao mgongo kuliko ubao umpe yeye masomo."

Basi picha ikafutwa vumbi, ikakalishwa dawati la mbele upande wa dirisha, lile lile la Kidawa, ikawatazama watoto. Ikafanywa kiranja. Katika mtihani wa katikati ya muhula, ambao Bi Chanya aliusahihisha kwa kutazama sura za watahiniwa badala ya karatasi, picha ikashika namba moja kwa sura yake ya ukutani ambayo Bi Chanya aliikariri, Machano namba mbili. Mwalimu Mkuu akaipa picha zawadi ya daftari na rula.

Kidawa yeye alifika safu ya mwisho, ukuta nyuma ya kisogo. Si nyota zilizomuuma. Kilichomuuma ni kobe.

Kila Ijumaa, tangu zamani, Mwalimu Hadia alikuwa na mtindo wake wa kuandika hadithi ubaoni, kipande kimoja kimoja, kwa herufi za kukaza. Muhula ule alianza hadithi ya kobe aliyekwenda kuposa kwa watu warefu. Kidawa aliisoma mwanzo wake akiwa bado safu za kuonekana: kobe ameoga, amejipaka mafuta mpaka gambani, amebeba mahari, amefika mlangoni kwa wakwe, amebisha hodi. Kisha Kidawa akarudishwa nyuma. Mlango ukabaki umefungwa.

"Nani alifungua?" alimuuliza Machano wakati wa mapumziko.

"Wapi?"

"Mlango wa wakwe wa kobe!"

Machano akatoa kijiti mdomoni, akakuna shavu. "Aa. Walifungua. Kukawa na watu. Halafu kobe akasema kitu, watu wakacheka. Halafu wakala."

"Akasema kitu gani?"

"Cha kuchekesha," alisema Machano, akarudisha kijiti.

Ukiwa na rafiki kama huyo, bora uwe na macho.

Ndipo Kidawa akaamua kusema. Lakini Kidawa alilelewa na Bibi Mwantumu, na Bibi Mwantumu alimfunza kwamba humrukii mtu mzima na shida yako kama unamdai. Unamwamkia, anaitika, anakuuliza habari, unamwambia nzuri, ndipo unatoa lako. Basi asubuhi akamvizia Mwalimu Hadia mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Kidawa. Habari ya kuamka?"

"Nzuri, ila mimi si..."

Tii! Kifungo kifuani kwa mwalimu kikapiga kengele, pa, pa, pa-pa-pa, darasa zima likaitikia, na Mwalimu Hadia mwenyewe mikono ikapiga makofi huku uso wake ukiuliza, "Si nini, mwanangu?" Lakini mazungumzo yalikuwa yamefungwa kwa furaha, na kuyafungua tena ilikuwa kosa la mwalimu kuhamishiwa chuo cha kujifunza kutabasamu, ambacho waliokwenda walirudi na mashavu yanawauma.

Akajaribu sanduku la maoni la kwenye skrini. Lilikuwa na sura tatu za kubonyeza: inayocheka kidogo, inayocheka sana, na inayocheka mpaka inalia. Kidawa akabonyeza ile inayolia, akidhani ndiyo yake, akapewa nyota ya pole. Kesho yake akabana macho, nyota ikachukuliwa.

Bibi Mwantumu aliposikia mjukuu wake yuko nyuma ya darasa, akavaa kanga zake za kutokea, doti mpya, akaenda shuleni kwa miguu, na njiani alipita kila nyumba kusalimia, kwa hiyo alifika karibu na adhuhuri.

"Karibu, Bibi Mwantumu!" alisema Mwalimu Mkuu. "Habari za nyumbani?"

"Nyumbani kwema, baba, ila huyu mtoto..."

Tii! Walimu wakatoka ofisini mbio, wakampigia makofi ya maua. Bibi Mwantumu akasubiri yaishe.

"Nasema hivi, ila huyu..."

"Mama, umeshamaliza," alisema Bwana Shomvi kwa upole, akimpiga picha. Siku ya pili Bibi Mwantumu akabandikwa kwenye mlango wa ofisi: MZAZI CHANYA WA WIKI. Na picha yenyewe kafumba jicho moja. Huyo bibi hajasamehe mpaka leo.

Jumatatu iliyofuata Kidawa alitakiwa arudi safu moja tena. Lakini nyuma yake palikuwa ukuta.

Mwalimu Mkuu akapiga simu wizarani. "Bwana Denge, safu zimekwisha. Kuna ukuta."

"Mfumo hauutambui ukuta," alijibu Bwana Denge. "Mfumo unatambua safu. Safu zinaendelea."

Kidawa akatolewa nje, ubavuni mwa darasa. Dawati halikupita mlangoni, akapewa kigoda cha jikoni. Mlango ukaachwa wazi ili Bi Chanya amwone, na Bi Chanya, jicho lake lilikuwa kali kuliko la mwewe, alimwona vizuri sana. Huko nje jua likampiga usoni. Wewe ukipigwa na jua unafanya nini? Unakunja uso. Daraja la nne! Akahamishiwa penye tangi la maji. Kutoka tangini akahamishiwa jikoni, ambako mpishi alimpa kazi ya kuchambua maharage huku akisoma, na ubao ulikuwa ni kitu cheusi kidogo ndani ya mlango, kama mbegu ya papai. Kutoka jikoni akasogezwa kwenye tuta la mchicha. Kila mtu aliyepita kumwagilia alimuuliza habari, kila mara alisema nzuri, na shule nzima ikapiga makofi kabla ya ila.

Mwalimu Hadia alimwona mtoto anavyosogea. Hakujua sababu, ila roho ilimuuma. Alidhani Kidawa amemkasirikia. Kila asubuhi alisimama mlangoni akampungia mkono, na Kidawa, aliyeona kitu kama nguo inayoanikwa, akabana macho atambue ni nani.

Daraja la tano.

Sasa, shule ile ilijengwa ukingoni kabisa mwa nchi, kwa kuwa katikati palijaa wizara. Nyuma ya tuta la mchicha palipangwa mawe yaliyopakwa chokaa. Huku kwao, kule kwa watu. Jumatatu iliyofuata Mfumo ukasema Kidawa arudi safu moja, na safu yenyewe ikawa ng'ambo ya mawe.

Alipovuka na kigoda chake alimkuta askari wa nchi ya jirani, Koplo Barongo, mzee wa masharubu meupe, amekaa kwenye kibanda cha makuti, muhuri mkononi na hana cha kuugongea, kwa sababu mahali hapo hapakupita mtu ila kuku.

"Simama hapo!" alisema Koplo Barongo, akiona fahari. "Unakwenda wapi?"

"Nimefika, babu. Nakaa hapa."

"Unakuja kufanya nini nchini kwetu?"

"Nasoma darasa la nne."

"La kwetu?"

"La kule." Kidawa akaelekeza kidole upande aliodhani ndio.

Koplo akageuka, akatazama. "Kule ni jikoni. Darasa liko huku." Akamsogeza kidole. "Una nini cha kutangaza?"

"Kigoda."

"Cha biashara?"

"Cha kukalia."

Koplo Barongo akakizunguka kigoda, akakigonga muhuri chini ya kalio, akaridhika. Ndipo akakumbuka utu uzima wake. "Haya, mjukuu. Habari za huko kwenu?"

"Nzuri, ila..." alisema Kidawa, akanyamaza kungoja kengele.

Kengele haikulia. Kuku alipita. Koplo naye alikuwa kimya, ametega sikio, kama watu walivyokuwa wakitega zamani.

"Ila nini?" aliuliza.

Kidawa akaduwaa. Ni muda mrefu hakuna aliyemuuliza ila nini. Akafungua mdomo, na badala ya maneno, mikono yake mwenyewe ikapiga makofi ya maua: pa, pa, pa-pa-pa. Ilikwishazoea. Akaitazama mikono kama ya mtu mwingine, machozi yakamlengalenga.

"Pole pole," alisema Koplo Barongo. "Maneno hayaozi. Yakipatikana utanieleza, mimi sina pa kwenda."

Wizarani nako taarifa zilifika kwamba shule ile imevunja rekodi. Darasa la nne lina furaha tupu, mwanafunzi wake bora ni Mheshimiwa Mkubwa mwenyewe, doa ni mtoto mmoja. Waziri akasema atakwenda kwa miguu yake kumvisha picha nishani na kukabidhi Kombe la Uchanya, na huyo mtoto atamgeuza yeye mwenyewe kwa salamu moja, mbele ya kamera.

Bwana Shomvi akavuka tuta la mchicha, akasimama upande wake wa mawe. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kuogopa.

"Kidawa, mwanangu. Nisikilize. Waziri atakuuliza habari. Wewe sema nzuri, ucheke, unyamaze. Ukifanya hivyo unarudishwa ndani, safu ya mwisho. Kombe linabaki, na Mwalimu Hadia hahamishwi. Ukiharibu, Mfumo unakufuta, unahesabiwa mwanafunzi wa kigeni. Utahitaji viza kuja kunywa uji. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

"Neno moja tu. Nzuri. Basi."

Kidawa akalifikiria neno hilo. Safu ya mwisho, ndani, kivulini, pamoja na wenzake. Ilikuwa bora kuliko ugenini. Lakini safu ya mwisho kobe angali mlangoni, amebeba mahari, hodi yake haijibiwi.

Siku ya waziri ikafika. Watoto walifundishwa wimbo, Machano akapewa kijiti kipya. Mheshimiwa Profesa Makungu akaingia darasani, akainamia dawati la mbele, akaivisha picha nishani shingoni mwa fremu, akaipa mkono wa pongezi kwenye kona. "Mwanafunzi huyu," alisema, akifuta jasho, "hajawahi kuchelewa, hajawahi kununa, hajawahi kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Watoto, muigeni!" Makofi ya maua. Mwalimu Hadia alisimama kando, kipande cha chaki kimebaki kama ukucha, alichokuwa akikitunza kwa ajili ya Ijumaa.

"Sasa nioneshwe huyo wa doa," alisema waziri.

Msafara ukatoka: waziri, Bwana Denge amembeba Bi Chanya mikononi kama mtoto mchanga, Mwalimu Mkuu, Mwalimu Hadia, watu wa kamera, watoto nyuma. Wakapita tangi, wakapita jiko, Bibi Mwantumu akatokea upande wa jikoni na kanga zake akajiunga, wakalivuka tuta la mchicha, na kwa vile kamera zilikuwa zinamtaka waziri amkaribie mtoto, waziri akaruka mawe. Bwana Denge naye akaruka.

Bi Chanya akatoa sauti ngeni. "Karibu nchi ya jirani," alisema. "Huduma hii haipatikani ulipo." Meno yakafutika, skrini ikawa nyeusi. Bwana Denge akamtikisa, akampuliza, akamgonga ubavuni kama redio ya zamani. Wapi.

Waziri hakuona, alikuwa akitafuta mtoto. Akashusha ile miwani ya kichwani juu ya ile ya usoni, akamwona Kidawa juu ya kigoda, amebana macho.

"Ahaa!" alisema kwa sauti ya kamera. "Binti yangu! Habari ya masomo?"

Kidawa akasimama. Akamwona Mwalimu Mkuu, au kitu cha urefu wa Mwalimu Mkuu, kinatikisa kichwa kwa kumsihi.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema. "Nzuri."

Watu wote wakanyanyua mikono tayari kwa makofi. Wakangoja kengele. Kengele haikulia. Mikono ikabaki hewani, ya walimu, ya watoto, ya watu wa kamera, hakuna aliyethubutu kuanza bila kuamriwa na hakuna aliyethubutu kuishusha. Pakawa kimya, ukasikia sufuria ya uji ikichemka kule jikoni.

Waziri alitazama kushoto, akatazama kulia. Na katika kimya kile, kwa vile alikuwa mtu wa nchi ile na alilelewa na mama yake kabla hajawa profesa, sikio lake likajitega lenyewe.

"Ila nini, mjukuu?" aliuliza Koplo Barongo kutoka kibandani.

Kidawa akaiweka mikono yake nyuma, akaikamata yenyewe kwa yenyewe isije ikamponza.

"Nzuri, ila sioni ubaoni," alisema. "Nikiwa mbali sioni, ndiyo maana nabana macho. Sijanuna. Sijawahi kumnunia mtu. Nataka kujua nani alimfungulia kobe. Naomba nikae dawati la mbele, pale alipokaa Mheshimiwa Mkubwa. Yeye mwenyewe ubao ameupa mgongo."